Wasimulizi wa Sinema: Sifa Zao na Lawama Zetu

Mara nyingi twasikia wazazi wakinung'unika juu ya simu. Ati simu imeharibu watoto. Ati simu imeondoa heshima. Ati tangu simu kuingia hakuna anayetaka kushika jembe. Maneno hayo yana ukweli wake, lakini ni maneno ya jumla mno. Mganga asiyejua ugonjwa uko wapi hupaka dawa mwili mzima, na mgonjwa haponi. Leo twataka kushika jambo moja tu, lile linalopendwa sana katika simu za vijana wetu, tulitazame mbele na nyuma, tulisifu panapostahili sifa na kulilaumu panapostahili lawama. Jambo hilo ni sinema zilizotafsiriwa, yaani zile sinema za kigeni ambazo juu yake mtu mmoja husema kwa lugha yetu, akieleza yote yanayotendeka tangu mwanzo hata mwisho.

Hapa Lubarika, na Luvungi, na Bwegera, na Sange, mpaka Uvira mjini, nani asiyezijua? Kijana aliyetoka katika shamba la mpunga hujilaza chali, simu kifuani, na ndani ya simu ile Mchina anapigana, Mhindi analia, Mmarekani anakimbiza gari, nao wote watatu wanasema Kiswahili kwa kinywa cha mtu mmoja. Nyingi za sauti hizo zatoka ng'ambo ya ziwa, Tanzania. Nyingine zatoka Kenya. Ng'ambo ya mto Ruzizi, katika Rwanda, wanazo za Kinyarwanda. Uganda wanazo za Kiganda. Basi kazi hii si mchezo wa mtaa mmoja. Ni sanaa iliyoenea katika nchi zetu zote, na sanaa yafaa ihukumiwe kwa kipimo, si kwa kelele.

Si jambo la jana

Wengine hudhani kusimulia sinema kumezaliwa pamoja na simu. Sivyo. Huko Japani, zamani za sinema zisizo na sauti, nyumba za sinema zilikuwa na msimulizi aliyeitwa benshi. Alisimama kando ya picha, akawasemea wachezaji wote, na watu wengi walilipa fedha ili wamsikie benshi fulani kuliko kumwona mchezaji fulani. Ndugu mkubwa wa Akira Kurosawa, yule mtengeneza sinema aliyesifika duniani kote, alikuwa mmoja wao. Sinema zenye sauti zilipoenea katika miaka ya 1930, mabenshi walikosa kazi, na kazi yenyewe ikawa karibu kufa.

Kwetu Afrika nako jambo hili lina umri. Mwaka 1935 Waingereza walianzisha kazi ya sinema huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, chini ya uongozi wa Meja L. A. Notcutt. Hata kufika mwaka 1937 walikuwa wametengeneza sinema fupi 35, wakazizungusha kwa gari katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Picha zenyewe hazikuwa na sauti. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri, kwa lugha mbalimbali, hata picha ile ile ikaweza kusema lugha moja hapa na lugha nyingine kule.

Katika Kongo ya Wabelgiji mapadri walishika kazi hiyo kwa bidii baada ya vita vya pili vya dunia. Bukavu, Padri Roger De Vloo wa Mapadri Weupe alitengeneza sinema zilizoitwa Africa-Films. Kule Kasai, Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alitengeneza zile za kuchekesha za Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Tena, mahali pengi alisimama mtu karibu na kitambaa, akawaeleza watu kwa lugha yao. Mwaka 1957 Papa Pius XII aliandika barua nzima juu ya sinema, redio na televisheni, jina lake Miranda prorsus, akiwahimiza Wakristu wasivikimbie vyombo hivyo, bali wavipime na kuvitumia vema. Basi sisi tunaopima leo hatuzushi jambo jipya.

Kazi yenyewe

Na tuone kazi inavyofanyika siku hizi. Msimulizi huketi mbele ya kompyuta, mikrofoni mdomoni. Huitazama sinema kwanza, akajua nani ni nani. Kisha huipunguza sauti ya asili, asiizime kabisa, ili muziki na milio isikike kwa mbali, naye husema juu yake. Peke yake ndiye baba na mama, ndiye mwizi na polisi. Akimaliza, kompyuta huziunganisha sauti mbili kuwa moja, na sinema iko tayari kusafiri.

Yapasa tuseme wazi kwamba kufanya hivyo vizuri ni kazi ngumu. Mwenye kutafsiri kitabu aweza kulala na neno moja na kuamka nalo. Msimulizi hana nafasi hiyo. Mchezaji amefungua kinywa na kukifunga. Neno lazima liwe limekwisha kusemwa. Kwa hiyo wanaoiita kazi ya wavivu hawajaijaribu. Mwenye kudharau na achukue sinema moja ya Kihindi, azime sauti, awaeleze jirani zake mpaka mwisho. Kabla ya nusu saa atatafuta maji ya kunywa.

Msimulizi mzuri hujulikana kwa mambo matatu.

Kwanza, hutufahamisha. Kijana wa Kihindi akiinama na kugusa miguu ya baba yake, msimulizi mbaya husema tu kwamba ameinama. Mwenye akili husema: hapo anaomba baraka, kama mtoto wa kwetu anavyomwamkia mzee kwa mikono miwili. Kwa neno moja ametuonyesha kwamba watu wale, hata wakivaa na kula mbali na sisi, wana heshima kama sisi.

Pili, hujua kunyamaza. Mama anapomfunika nguo mwanawe aliyekufa, hakuna neno linalohitajika. Anayeendelea kupiga porojo hapo hana tofauti na mtu anayepiga soga matangani. Nasi twaona kwamba kasoro hii ndiyo inayowaangusha wengi: waogopa kimya, kana kwamba kila dakika isiyo na neno ni deni.

Tatu, huipika hadithi iwe chakula chetu. Mjerumani mmoja, Matthias Krings, mwalimu wa chuo kikuu, aliyewachunguza wasimulizi wa Dar es Salaam na kuandika habari zao mwaka 2010, aliyapa maandishi yake jina la kugeuza wali kuwa pilau. Mfano huo wafaa sana. Wali ni ule ule, lakini viungo ni vya mpishi. Katika wapishi wa kwanza wa Dar es Salaam alikuwako Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Kenya wanaye DJ Afro, ambaye sinema za mapigano zikipita kinywani mwake huwa kama zilitungwa Nairobi. Rwanda walikuwa naye Nkusi Thomas, aliyeitwa Yanga, aliyefariki mwaka 2022. Na alipofariki walimlilia watu ambao hawakupata kumwona uso, bali walikua wakiisikia sauti yake.

Mfano mkubwa kuliko yote umetoka Uganda. Huko Wakaliga, mtaa wa Kampala, Isaac Nabwana hutengeneza sinema za mapigano kwa fedha kidogo sana. Mwaka 2010 alitengeneza Who Killed Captain Alex?, na msimulizi aitwaye VJ Emmie akaongeza sauti yake juu yake, akiwasifu wachezaji, akiwataniia, akiwachekesha watazamaji. Ilipowekwa katika intaneti mwaka 2015, watu wa Ulaya na Marekani waliitazama kwa mamilioni. Na jambo la ajabu ni hili: sinema ya asili isiyo na sauti ya Emmie imepotea. Iliyobaki duniani ni ile yenye msimulizi tu. Basi hapo hatuwezi tena kusema kwamba viungo ni kitu cha kuongezwa juu. Viungo vimekuwa chakula chenyewe.

Sifa yao kubwa

Kabla ya lawama, tuwape wasimulizi haki yao. Zamani sinema zilizofika kwetu zilisema Kifaransa au Kiingereza. Mwenye kusoma kidogo aliwaeleza wenzake, mara nyingi kwa kubahatisha, na mama asiyesoma alitazama watu wakifungua na kufunga vinywa tu. Msimulizi wa Kiswahili aliuondoa ukuta huo. Bibi wa kijijini leo aweza kukwambia kwa nini yule mfanya biashara wa Bombay alimnyima kaka yake urithi, na kama alitenda haki au la. Si haba. Tena watoto wa huku, wanaosema Kifuliiru nyumbani na Kiswahili cha sokoni, wamepata maneno mengi ya Kiswahili cha Tanzania kwa njia hiyo kuliko kwa vitabu, maana vitabu vya Kiswahili ni vichache na ni ghali. Walimu wetu wanaosikitika kwamba wanafunzi hawasomi wakumbuke jambo hilo: watoto hawa hawachukii lugha. Waipenda pale inapowachangamsha.

Kilichobadilika

Sasa tufike kwenye kiini cha shauri letu. Kanda ya video ya zamani ilikuwa kama sabuni: kila ukiitumia yapungua. Nakala ya kanda ilikuwa na ukungu, na nakala ya nakala ilikuwa na ukungu zaidi, hata nyuso zikapotea. Katika mashine za siku hizi picha na sauti hugeuzwa kuwa tarakimu, na tarakimu hazichakai. Nakala ya elfu ni sawasawa na ile ya kwanza. Sinema ya saa mbili iliyobanwa kwa ajili ya simu yaweza kuenea katika mega 700. Basi kadi ya memori ya giga 32, iliyo ndogo kama ukucha, hubeba sinema zaidi ya 40. Kijana huenda kwenye kibanda cha kuchaji simu, hutoa franka zake, akarudi na sinema za mwezi mzima pasipo kununua mega za intaneti hata moja.

Kabla ya hapo kulikuwa na nyumba za video. Televisheni moja, jenereta nje ikipiga kelele, mabenchi, na watoto wakichungulia kwenye nyufa kwa kukosa fedha ya kuingilia. Sisi katika Kanisa hatukuzipenda sana nyumba hizo, na tulikuwa na sababu: watoto walitoroka shule, na si kila kilichoonyeshwa kilistahili macho yao. Lakini leo, tukitazama nyuma, twaona jambo ambalo wakati ule halikuonekana. Nyumba ya video ilikuwa na watu ndani yake.

Angalieni tofauti. Katika Kenya, Uganda na Tanzania, wasimulizi wengi walianza kazi wakiwa na mikrofoni mbele ya watu. Msimulizi aliwaona. Aliposema upuuzi, walimzomea. Alipokosea jina, walimsahihisha. Alipotaka kumcheka kilema, na mbele yake ameketi mtu mwenye gongo, aliumeza mzaha wake. Hata pale ambapo sauti ilikuwa imekwisha kutiwa katika kanda, palikuwa na watu arobaini waliokaa pamoja, wakaguna pamoja, na mtu mzima mmoja akisema kwa sauti, "Huyo mtoto hana adabu," kumbe amewahukumia watoto wote waliokuwa nyuma yake. Hukumu ilikuwamo nyumbani humo, pamoja na kicheko.

Simu imeichukua sauti na kuyaacha masikio. Msimulizi husema chumbani peke yake, na kijana husikiliza kitandani peke yake, tena akiwa ameziba masikio kwa nyuzi za kusikilizia. Kati yao hakuna mtu. Yule hasikii kama huyu amecheka au amechukia, huyu hana wa kumwuliza, "Je, ni kweli?" Hilo ndilo badiliko kubwa, kuliko yale tunayoyalilia kila siku. Picha za mapigano zilikuwako tangu zamani, na picha za aibu pia. Kilichoondoka ni jibu.

Lawama zetu

Kutokana na hapo zatoka kasoro tatu ambazo hatuwezi kuzifunika.

Ya kwanza ni mzaha usiokuwa na mipaka. Msimulizi asiye na watu mbele yake husema lolote lililomjia. Sinema ikiwa na makundi mawili yanayopigana, wako wanaoyabandika majina ya makabila ya kweli, ili watu wacheke. Huko mjini anakosema, labda ni utani wa watani, na mtani hana kosa. Lakini kadi ya memori haijui mpaka. Utani ule huvuka ziwa na kuingia katika bonde la Ruzizi, mahali ambapo Wafuliiru, Warundi, Wavira, Wabembe na Wanyamulenge wanakutana katika soko moja, nao wana majeraha yasiyopona. Mwezi wa Juni mwaka 2014, huko Mutarule, watu kama thelathini waliuawa usiku mmoja. Hatusemi hata kidogo kwamba sinema ndiyo iliyoua. Twasema kwamba nchi yenye makaburi kama hayo haiwezi kuchezea majina ya watu kama nchi nyingine zinavyoweza. Msimulizi angalikuwa amekaa kati yetu, angalijua. Hakai kati yetu, basi sisi tunaosikiliza ndio tuliopaswa kujua.

Ya pili ni wizi, nao una ngazi. Wasimulizi wengi hutafsiri sinema za watu bila kuwaomba ruhusa wenye mali. Wenye vibanda nao hupakia kazi ya wasimulizi bila kuwapa kitu. Ndiyo maana katikati ya hadithi, shujaa akiwa hatarini, wasikia ghafula jina la msimulizi na namba yake ya simu: anajaribu kutia alama katika mali ambayo yeyote aweza kuibeba. Twajua hoja ya vijana: ati mwenye sinema ni tajiri wa Marekani, hatatambua. Haya, na Mtanzania je? Marehemu Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, alipendwa Kongo kama alivyopendwa kwao. Sinema za wenzake hazikuhitaji msimulizi, kwa kuwa zilisema lugha yetu na kuonyesha nyumba kama zetu. Kila nakala ya bure ilimnyima mchezaji maskini mshahara wake, na sinema nyingine za namna ile zikawa ngumu kutengenezwa. Tukimla ng'ombe pamoja na ndama, mwakani tutakamua nini?

Ya tatu ndiyo inayotuuma zaidi. Msimulizi wa mbali amemnyamazisha msimulizi wa nyumbani. Katika nyumba zetu za Kifuliiru, jioni, baada ya chakula, bibi alisimulia. Hadithi ya bibi haikuwa na magari, lakini ilikuwa na masikio. Mtoto akisinzia, bibi aliifupisha. Mtoto akiogopa, aliipunguza ukali. Mtoto aliyekuwa mchoyo mchana, usiku alimkuta mnyama mchoyo katika hadithi, akanyamaza kimya, maana alijua anasemwa yeye. Sinema gani yaweza kumjua mtoto wako namna hiyo? Leo mtoto wa Lubarika huitambua sauti ya msimulizi wa Dar es Salaam katika neno la kwanza, na hadithi mbili za bibi yake hazijui. Bibi naye hakukatazwa na mtu. Alinyamaza tu kwa sababu hakuna aliyemwambia, "Endelea."

Na tusidhani mambo yatakoma hapo. Mashine zimeanza kutafsiri zenyewe na kusema kwa sauti za kutengenezwa, pasipo mtu. Yaliyowapata mabenshi wa Japani yaweza kuwapata wasimulizi wetu. Siku hiyo ikifika tutawasikitikia, maana hata katika makosa yao walikuwa watu, wenye kucheka na kukohoa. Mashine haikohoi, tena haioni haya.

Hoja ya vijana

Vijana watatujibu, na jibu lao lina nguvu. Watasema: "Ninyi walimu wa dini, je, mwataka turudi gizani? Nyumba ya video mliilaumu. Sasa imekufa, mwaisifu. Na bibi mnayemsifu hakutuambia habari za Uchina." Ni kweli. Hatutaki kumrudisha mtu gizani, wala hatusemi nyumba za video zilikuwa makanisa. Tena twajua kwamba katika miaka ya vita na kukimbia, simu imekuwa kwa wengi faraja ya pekee, na aliyelala ugenini mbali na shamba lake hastahili kuhubiriwa kwa sababu alicheka saa mbili. Shauri letu si kuiondoa sauti ya msimulizi. Shauri letu ni kulirudisha jibu.

Na hapa simu yenyewe yaweza kutusaidia. Sinema ya zamani, ya kitambaani, ilipoanza haikungoja mtu. Mashine ilizunguka mpaka utepe ukaisha. Simu husimama kwa kidole kimoja. Baba akiketi na wanawe watatu, sinema ikafika pale kijana anapomdanganya mama yake ili apate fedha, baba aweza kuisimamisha na kuuliza: "Wewe ungalifanyaje?" Watoto watanung'unika mara ya kwanza. Mara ya pili watajibu. Mara ya tatu wataanza kuuliza wenyewe. Hapo baba amekuwa msimulizi wa pili, aliye bora kuliko wa kwanza, kwa sababu yeye awajua wasikilizaji wake kwa majina.

Tufanye nini?

Twaleta mashauri manne, mepesi, yasiyohitaji fedha nyingi.

Kwanza, sinema itazamwe na watu zaidi ya mmoja. Nyumba yenye simu tatu na watazamaji watatu, kila mmoja kwenye kona yake, ina watu lakini haina jamaa. Ziwekwe simu mbili chini, watazame moja.

Pili, tuwe wasikilizaji wenye kuchagua. Wako wasimulizi wenye adabu na akili, na wako wenye matusi. Mwenye kibanda hupakia kinachoombwa. Wazazi wakikataa sauti fulani kwa kuitaja jina, na kuiomba nyingine, kibanda kitafuata. Biashara husikia haraka kuliko mahubiri. Na akisikika msimulizi anayecheka kabila la watu, sinema hiyo ifutwe, isipelekwe kwa mwingine hata kwa kusema, "Tazama upumbavu huu."

Tatu, vijana wa mashirika yetu wajaribu kazi hii wenyewe, mbele ya watu. Wachague sinema nzuri ambayo wana ruhusa ya kuionyesha, wapunguze sauti, mmoja wao asimame asimulie kwa Kiswahili, mwingine kesho yake kwa Kifuliiru. Atakosea, watu watamcheka, atajifunza. Ndivyo walivyojifunza wale mashuhuri. Tena sinema iliyosimuliwa kwa Kifuliiru mbele ya wazee itawachangamsha hao wazee, nao watamsahihisha msimulizi maneno, na kumbe hapo darasa la lugha limefunguliwa bila mwalimu kuitwa.

Nne, tuwarekodi wasimulizi wetu wa nyumbani. Simu ile ile inayopiga sinema ina mahali pa kurekodi sauti. Mjukuu aketi karibu na bibi, aombe ruhusa kwanza, arekodi hadithi moja kwa juma, ataje kijiji na mwaka. Lakini asirekodi akiwa peke yake naye. Waitwe watoto wengine, ili sauti zao zisikike pia, wakiuliza, wakicheka, wakisema, "Endelea." Tumekwisha kuona hasara ya sauti iliyorekodiwa pasipo masikio, tusiirudie kwa hadithi zetu wenyewe.

Basi, hukumu yetu juu ya wasimulizi wa sinema ni hii. Ni mafundi wa kweli. Wametuletea dunia kwa lugha tunayoielewa, na atakayewadharau hana macho. Lakini ufundi wao ulizaliwa mbele ya watu, na ukiondolewa watu huanza kuoza, kama samaki wa ziwa letu anavyooza akikaa bila chumvi. Chumvi hiyo haiko Dar es Salaam wala Nairobi, wala haiuzwi pamoja na kadi ya memori. Ni sisi tunaosikiliza. Kila mara tunaponyamaza mbele ya uongo kwa sababu umesemwa kwa utani, tumeacha samaki juani. Na kila mara mzazi anaposimamisha picha na kusema, "Hapana, hivyo sivyo," hata kama watoto wananuna, ametia chumvi yake.